Puli Iliyotoka Baridi

Puli ilitoka kwenye mchanga wa kalibu ikiwa baridi. Kipkurui alikuwa amemimina alumini muda si mrefu, na kwa kawaida angeishika kwa koleo. Hii aliibeba mkononi kama kiazi cha jana.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, nje kidogo ya Kapkatet, na humo alitengeneza puli za mashine za kukatia ng'ombe nyasi. Zamani aliyeyusha sufuria kuukuu, lakini alumini yake ni laini. Puli zilipasuka, wateja wakazirudisha. Alumini ya pistoni ndiyo ya kazi. Nganga, muuza vyuma chakavu, alimpa pistoni za lori lililoanguka, ila akamwonya kwamba dereva, Benard, alifia ndani na mafundi wengine walizikataa. Kipkurui alicheka. Kichwa ngumu, huyo.

Puli ya kwanza ya pistoni hizo ndiyo iliyotoka baridi, na tangu siku hiyo karakana ikanuka dizeli, na tanuri likiwa limezimwa, mtu alikohoa humo. Mkewe, Chepchumba, aliyekuwa mja mzito, aliuliza ni nani. Alimwambia ni upepo, na yeye mwenyewe akaogopa kuingia.

Mtoto alipozaliwa, Elmina, mamake Kipkurui, alikuja na akina mama wawili kufanya kurenet: kuwaita marehemu wa ukoo kwa majina, mpaka mmoja arudi ndani ya mtoto. Akishaingia, mtoto hupiga chafya, na hapo hakuna wa kumtoa. Kipkurui alisubiri mlangoni.

Elmina akamwita babu, akawaita ndugu za babu, akamtia mtoto ugoro kidogo puani, akaita hata wale ambao makaburi yao hayajulikani, na mtoto akabaki amemkodolea macho tu, huku harufu ya dizeli ikizidi na kikohozi kikitoka karakana, kikasikika uani, kikasikika mlangoni karibu kabisa na sikio la Kipkurui, kisha kikasikika ndani.

"Umeleta nani hapa?" Elmina akanong'ona.

"Ni pistoni tu, mama. Za lori."

"Lori ya nani?"

Kikohozi kilikuwa kimefika juu ya mtoto, na alidhani dereva akiombwa kwa heshima ataondoka.

"Benard," akasema. "Benard, tafadhali, toka kwetu."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Elmina akamnyooshea Chepchumba mtoto anyonye, na Chepchumba akaficha mikono yake chini ya blanketi.