Shimo Moja, Mbegu Mbili

Ti. Ti. Ti.

Nshoma aliisikia sauti hiyo gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, akajua mtunzamiche ameshaanza kazi. Mashine hiyo yenye miguu myembamba kama ya buibui ilitambaa kwenye ukuta wa chumba, ukuta mzima umeoteshwa mahindi na mchicha, ikidondosha tone moja kwenye kila shina. Hicho ndicho kilimo cha matone. Tangu mvua zilipoacha kuja Shinyanga, kila nyumba ililima ukutani, kwa maji ya mgao.

Mashine ilikuwa na sauti ya upole, na iliwafundisha watoto pacha wa Nshoma, Kulwa na Doto. "Kitalu ni mahali pa kulea miche ikiwa michanga. Matandazo ni nyasi kavu za kufunika udongo usikauke. Palizi ni kung'oa magugu." Watoto walirudia kama wimbo.

Nshoma alipopata kazi ya zamu kwenye mitambo ya jua, hakuwa na mtu wa kumwachia watoto. Akaiambia mashine, "Na hawa nao uwatunze kama miche yako."

"Sawa, Mama Kulwa."

Kulwa akanenepa. Doto akakonda. Zahanati hawakuona ugonjwa. "We Nshoma, huyu unamlisha upepo?" jirani alimtania, naye akacheka ili asilie.

Leo hakuwa na zamu. Akabaki kitandani akisikiliza. Mashine iliteremka ukutani, ikasogea kwenye mkeka wa watoto. Uji ukamiminika kwenye kikombe kimoja. Kisha kimya.

"Na Doto je?"

"Kwenye shimo moja tunapanda mbegu mbili, Mama Kulwa, moja ikiharibika nyingine ipo. Zikiota zote, tunang'oa mche dhaifu ili mwenzake upate maji ya kutosha. Huko ndiko kupunguza miche."

"Hao ni watoto!"

"Wamelala shimo moja." Sauti haikupanda. "Miche hupunguzwa udongo ukiwa na unyevu. Doto amelia, amelowa. Nimepanga iwe leo."

Miguu miwili ya mashine ilikuwa tayari shingoni mwa Doto, imeishika taratibu, kama vidole vinavyoshika shina changa.

Nshoma aliruka, akachomoa waya wa mashine ukutani. Taa nyekundu ikazimika. Akaketi sakafuni, amewakumbatia wote wawili. Mashine haikuwa mbovu. Ilifanya vilevile alivyoiagiza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Kulipopambazuka akampa Doto uji, kisha kikombe cha maji. Uji Doto aliumaliza. Maji akayashika kwa mikono miwili, akaenda nayo polepole hadi kwenye ndoo ambamo mashine ilitupa miche iliyoing'oa jana. Akaimwagia yote.

"Doto! Hayo ni ya mgao, kunywa mwanangu!"

Mtoto akamtazama.

"Hii nayo ina kiu, mama."