Mrija wa Okwara

Mrija ulikuwa umelowa, na hilo peke yake lingetosha kumfukuza mtu nyumbani. Ulikuwa mrija wa kunywea pombe wa Okwara, na Okwara alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Ulichomekwa kwenye paa la jikoni, juu ya moshi, mahali ambapo hata mende hukauka. Lakini Oluka alipokuwa akitafuta kamba ya kufungia sanduku lake, mkono ukaugusa, na ncha yake ikadondosha tone la pombe. Akanusa. Pombe changa, ya asubuhi hiyo hiyo.

Jamani, mtu mwingine angeutupa akatoka mbio. Oluka hakuutupa. Ngojeni niwaambie kwa nini, msije mkamwita mjinga, maana mjinga hakuwa.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mwana wa kijiji cha Moding, wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho jekundu la chuo kikuu kule Kampala. Mwaka mzima aliokaa huko hakupata rafiki hata wa kuazimana wembe. Jumamosi wenzake walipiga suruali pasi, wakaenda kucheza twisti, wakarudi wakiitana kwa majina ya utani; yeye yuko chumbani na kitabu. Mezani alikaa mwisho wa benchi. Mtu akimsalimu, ulimi ulikuwa mzito, na jibu zuri lilimjia baada ya saa nzima, wakati mwenye kusalimu kashalala. Sasa, mwaka huo wa 1965, alikuwa anahamia chuo cha Nairobi kusomea uhandisi, aingie mwaka wa pili katikati ya watu waliokwisha kuchaguana. Garimoshi lake lilikuwa la Jumatatu, pale Malaba. Masomo hayakumtisha hata chembe. Kilichomnyima usingizi ni swali moja: nani atakaa nami?

Na huyo Okwara, mjomba wake, ndugu ya mama yake, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa taniboi wa malori hapo mpakani, mpaka lori lilipomlalia, na popote alipoketi watu walisogea. Akisema "habari" tu, watu hoi kwa kicheko. Sasa, kule kwao husemwa kwamba mrija wa mtu ni kinywa chake. Hauazimwi ovyo. Mwenyewe akifa, huvunjwa vipande viwili ukatupwa kaburini, ili kinywa kifungwe pamoja na mtu. Kila mtoto wa Moding anajua hivyo, na Oluka alijua. Lakini alipouona mzima mkononi mwake, hakuwaza kaburi. Aliwaza kile kinywa. Nikikipata, alijiambia, hata kwa muhula mmoja tu, sitaomba kingine.

Pembeni kulikuwa na chungu cha ajon, pombe ya nafaka ya wimbi ambayo mama yake alikuwa anaiandaa kwa ajili ya kumuaga. Akachomeka mrija, akavuta. Mwanzo hakikuja kitu. Kisha akahisi, wazi kabisa, kwamba huko chini ndani ya chungu kuna kitu kinavuta pia.

Alishtuka, akataka kuuachia. Midomo haikuachia. Ikavuta yenyewe, funda baada ya funda, mpaka machozi yakamtoka.

Jumamosi majirani walikuja kumuaga. Wakakaa duara, kila mmoja na mrija wake, maji moto yakaongezwa chunguni. Mzee Methuselah, jirani wa karibu, akamchokoza kama kawaida: "Wewe msomi, huko Nairobi utaongea na nani? Na vitabu?"

"Nitaongea na wewe, mzee," alijibu Oluka papo hapo. "Hapa naongea na chungu, wewe huniachii nafasi."

Haikuwa kitu cha ajabu, lakini duara zima lilicheka. Akaongeza neno, wakacheka zaidi. Wakaacha viti vyao, wakamsogelea mpaka magoti yakagusana. Oluka alifurahi, nisiwadanganye. Alifurahi kiasi cha kutaka kulia. Kumbe kupendwa ni rahisi hivi! Kisha akacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha kukwaruza, na Amuron, mama yake, aliyekuwa akileta maji moto, akasimama pale pale na kibuyu kikamponyoka. Kicheko kile alikuwa amekisikia tangu utotoni mwake. Kilikuwa cha kaka yake.

"Nani amekupa hiyo sauti?" alinong'ona, na wengine hawakumsikia, maana walikuwa wanacheka.

Wakati wa kuondoka Mzee Methuselah alilalamika kwamba kiu haiishi. Chungu kizima, alisema, na koo bado ni kama unga. Wengine nao wakasema hivyo hivyo. Wakalaumu wimbi.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, walimkuta Mzee Methuselah kijitoni, amelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika hata kwenye fundo la mguu, tumbo limemvimba kwa maji aliyokunywa, na bado midomo yake imepasuka, ulimi umekauka mweusi, vidole vimeng'ang'ania matope kana kwamba alitaka kuyanyonya. Oluka alirudi mbio nyumbani kumwambia mama yake, na mlangoni akamkuta dada yake mdogo, Millicent, ambaye jana yake alikuwa amemlalia begani akicheka, ameinamia mtungi, anakunywa bila kupumua, na kila alipokunywa Oluka alihisi ubaridi mtamu ukiteremka kooni mwake yeye, na nyuma ya ubaridi ule, ndani ya kifua chake, sauti ndogo ya kufyonza ambayo haikuwa pumzi yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nilinywea mrija wa mjomba."

Amuron aliketi chini kwenye vumbi. "Mimi ndiye nimekuua," alisema. "Siku ya mazishi niliwapa mrija mwingine wauvunje. Sikuweza, baba. Alikuwa ndugu yangu wa pekee. Nilisema nibaki na kitu kidogo tu."

Jioni ile ile akaitwa mganga, mama mmoja aitwaye Jerusha, wa upande wa Kocholia, aliyekuja kwa baiskeli na hakutaka kiti. Alimvua Oluka shati, akaweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu si Okwara," alisema. "Okwara alikuwa mtu mzuri, amelala zake. Hili ni jini. Lilikuta kinywa kipo wazi, hakina mwenyewe, likaingia likakaa. Miaka mitatu lina kiu."

"Basi tuuvunje mrija, mama," alisema Oluka, akimpa mganga.

Jerusha aliuvunja mara moja, kama kuni. Ndani ulikuwa mkavu, mtupu.

"Humu halimo tena," alisema polepole. "Mrija sasa ni wewe. Nao mrija huvunjwa. Wewe nikuvunje vipi?"

Akamrudishia Oluka shati lake.

"Kaa peke yako," akasema. "Usile na mtu, usicheke na mtu. Ukikaa na watu, litawanywa."

"Mpaka lini?"

Jerusha alichukua baiskeli yake. Kuku wa malipo aliyefungwa miguu kwa ajili yake alimwacha pale pale uani.

Asubuhi Amuron alimuaga mwanawe akiwa upande wa pili wa ua, na Millicent amefungiwa ndani. "Nenda, baba," alisema akilia. "Nenda na usirudi likizo. Nisamehe." Hakumpa hata mkono. Oluka alijibebea sanduku lake mpaka Malaba, akingojea kila anayemjua apite ndipo avuke barabara.

Ndani ya garimoshi alipata chumba kitupu, akafunga mlango, akakaa dirishani, akapiga hesabu ya maisha. Miaka miwili ya chuo, mwisho wa benchi. Kisha kazi, nyumba, bila mke, bila mtoto. Kile alichokiogopa kuliko vyote sasa ndicho alichokiomba kwa Mungu. Alikubali. Nakwambieni, alikubali kwa moyo mmoja.

Bungoma mlango uligongwa. Kijana mrefu mwenye suti mpya iliyombana alichungulia, jasho likimtoka kwa haya.

"Samahani, boss. Hapa kuna nafasi? Naitwa Paulinus. Naenda chuo, Nairobi. Simjui mtu hata mmoja kule, na mimi kuongea na watu ni shida kidogo."

Oluka alimtazama, akajiona mwenyewe. Huyu ndiye rafiki aliyemngojea mwaka mzima. Akalitafuta neno "hapana", akalipata, akalishika kwa meno, akafungua kinywa kulitoa.

"Karibu, ndugu yangu!" kilisema kinywa, kwa furaha, kwa ile sauti ya kukwaruza. "Keti hapa, karibu nami!"

Paulinus alicheka kwa kutulia moyo, akakaa. Magoti yao yakagusana. "Afadhali! Nilidhani nitakaa miaka yote bila mtu. Kuna wenzetu wengine watano behewa la nyuma, nao ni wageni, wanaogopa vile vile. Niwaite?"

Oluka alitikisa kichwa kukataa, machozi yanamchuruzika.

"Waite wote," kilisema kinywa.