Miguu Isiyo na Tope

Kilichomshangaza Hilaria kwanza ni miguu. Mvua ilikuwa imepiga juma zima, barabara ya Mwese imekuwa uji mtupu, lakini miguu ya mama mkwe aliyesimama mlangoni saa saba mchana haikuwa na hata chembe ya tope.

"Shikamoo mama," alisema kutoka mkekani, macho chini.

"Marahaba. Lori la mumeo Melkior limekwama. Nimetangulia."

Hilaria hakuinua uso. Kwao bibi harusi hamkodolei mkwe macho, na huyu alikuwa amemwona siku ya harusi tu, tena mikono na khanga, si uso. Miguu safi akaimeza kimya, kama wake za watu wanavyomeza mengi.

Alikuwa na siku kumi tangu apasuliwe tumbo kumtoa mwanawe. Nesi Hana alimkazia sauti wakati wa kumruhusu: "Mshono usilowe. Usinyanyue ndoo, usikandwe, usifungwe tumbo kwa kukaza, na tumbaku usiitie kidondani. Nyie mnarudi hapa vidonda vimeoza, halafu watoto wanabaki yatima."

Mkwe alikuwa ameshika chungu cha maji ya moto.

"Mama, nesi amesema nisikandwe."

"Nesi amezaa wangapi? Lete tumbo nione."

Hilaria alilileta. Angesemaje? Alikandwa mpaka machozi yakamtoka, kisha akafungwa kitambaa kwa nguvu. Chumba kikanuka tumbaku iliyolowa.

Ikawa hivyo kila siku: jirani alimletea chakula asubuhi, mkwe akaja saa saba ileile na kuondoka, Melkior hajarudi. Siku ya tatu mshono ulitoa maji. Siku ya nne ulinuka, na mchana ule Hilaria alijikokota hadi jikoni baada ya mkwe kutoka, akapeleka mkono kwenye mafiga akitafuta kaa la kujipikia uji ili mtoto apate maziwa, akakuta majivu ni ya baridi, yameloweshwa na mvua iliyovuja juma zima, kuni zimeota ukungu, wala hakuna mahali popote katika nyumba ile ambapo mtu angeweza kuchemshia maji ya kile chungu.

Kesho yake asubuhi Melkior aliingia ana tope hadi magotini, amemshika mkono bibi mmoja mwenye tope vilevile.

"Siku tano njiani! Mama huyu hapa."

"Mama si alifika Jumatatu?" Hilaria alinong'ona.

Bibi huyo alikuwa Emerensiana, mama yake Melkior. Alipiga magoti, akafungua kile kitambaa taratibu. Kilikuwa bafta nyeupe, ile ya kuzikia, pindo lina udongo mwekundu.

"Mimi sifungi tumbo lenye uzi," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo lililokuja ni jini. Melkior, tafuta baiskeli. Sasa hivi."

Hospitali walisafisha kidonda, wakashona upya. "Siku mbili zaidi tungekuwa tunamlea mtoto tu," alisema Nesi Hana. Emerensiana alikaa kando ya kitanda majuma mawili, na kila asubuhi alimwinua kidevu mkamwana wake. "Nitazame usoni kwanza, mwanangu. Heshima ya kukuua siitaki." Hilaria alimpenda hadi akalia. Mshono ukakauka.

Siku ya kuruhusiwa, saa saba mchana, Emerensiana alikuwa nje akifua nepi. Harufu ya tumbaku iliyolowa ikaingia wodini. Hilaria aliona miguu mikavu, safi, ikikipita kitanda chake bila haraka na kusimama kando ya kile cha jirani, alikolala Nyanzala, bibi harusi wa Kisukuma aliyepasuliwa juzi, akimngojea mama mkwe wake.

"Shikamoo mayu, mama yangu," alisema Nyanzala, macho chini.

"Marahaba. Lete tumbo nione."

"Mtazame usoni!" Hilaria alipiga kelele. "Nyanzala, mtazame usoni!"

Nyanzala aliona haya kwa ajili ya mwenzake asiye na adabu. Akainamisha kichwa zaidi, akafunua shuka.