Kitatange Aliyepotea Ijumaa

"Paka wako huyo, Mashavu. Ndiye aliyemla kitatange wetu, wala usinizungushe."

"Paka wangu kazoea dagaa, Ikram. Samaki wa rangirangi kama kitenge atamtafunaje?"

"Jana saa saba nimemwona anatoka dirishani, anajilamba."

"Haya. Kama umemwona, umemwona. Paka ni paka, mimi nitamfanya nini?"

Inspekta Mhina alikuwa ameshashuka garini, lakini hakuingia. Alisimama katikati ya watu na kusikiliza. Nusu ya mtaa wa Manundu ilikuwa imehamia pale: wauza chapati, wanawake wenye watoto mgongoni, hata fundi cherehani amekuja na futi yake shingoni. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua la Korogwe limeshaanza kuwauma watu mabegani. Wale wanawake wawili walisimama kila mmoja upande wake wa kijilango cha mabati kinachounganisha nyua zao. Ikram, mke wa mwenye samaki, alikuwa mwembamba, na mikono yake haikutulia. Mashavu, jirani yake, alikuwa mfanyabiashara wa mboga mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto Pangani.

"Afande, kesi imeisha," Koplo Denis alinong'ona. "Tumtie pingu paka, turudi tukanywe chai."

Mhina hakucheka. Kule kituoni, mahabusu, alikuwemo mtu anayeitwa Yordani, mwanamume wa miaka thelathini na minne kutoka milima ya Usambara, mlishaji wa samaki wa nyumba hii. Alikamatwa jana. Mwenye nyumba alirudi kutoka swala ya Ijumaa, akakuta samaki hayupo na Yordani anapiga deki sebuleni. Alipoulizwa nani kamwaga maji, Yordani alijibu hajui, akainama. Zaidi ya hapo hakufungua kinywa, ila alimwomba Koplo jambo moja tu: habari zisifike Mombo. Posa yake ilikuwa imekubaliwa huko, na wakwe wakisikia neno mwizi, basi tena. Jumatatu angepandishwa kizimbani.

Mhina alivuka kizingiti.

Ndani, kelele za nje zilizama zenyewe. Mapazia yalikuwa yameshushwa, na ukuta mzima wa sebule ulikuwa kioo, na nyuma ya kioo yalikuwa maji ya buluu, lita elfu moja, yakitoa mwanga unaotembeatembea darini. Mashine ilinguruma kwa chini kama mtu anayesinzia. Aliyeingia pale akibishana alijikuta ananong'ona. Mhina alijikuta amevua kofia.

Samaki mkubwa kama sahani ya chai, mwenye mistari ya njano na buluu, alikuja polepole mpaka kwenye kioo, akamtazama kwa jicho moja, akageuka, akamtazama kwa la pili.

"Huyo ni samaki malaika," sauti ilisema kutoka kwenye kiti cha kona. "Mtaani wanamwita Mjumbe. Kila mgeni lazima amkague."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mzee Sabiri alikuwa mzamiaji huko Tanga kwa miaka ishirini na miwili, akiwakamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wafanyabiashara wa nje. Magoti yalipokataa, alirudi kwao Korogwe, akaja na bahari. Maji ya chumvi aliletewa kila wiki kwa pikapu ya Mashavu: Ijumaa mboga na madumu matupu yanakwenda Tanga, Jumamosi madumu yanarudi yamejaa. Watu walikuja kutazama kutoka Handeni, kutoka Kerenge, wengine wakiwa na suti za harusi. Walikaa hapo kwenye mkeka, na baada ya dakika kumi hakuna aliyekumbuka shida aliyokuja nayo.

Mhina naye alikaa. Mzee alimweleza kazi yenyewe, na jinsi alivyoeleza ilikuwa kama mtu anayesimulia habari za watoto wake. Malaika anakula kila kitu. Mchicha unachovywa maji ya moto, unabanwa kwenye kioo kwa kibanio cha nguo, naye anaunyofoa mpaka ubaki uzi. Kamba wanasagwa na kitunguu saumu kidogo cha kuwatia hamu. Vitatange, wale wanaofanana na vipepeo, wana mdomo mdogo kama ncha ya kalamu na mioyo midogo zaidi. Wanalishwa kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Chaza anafunguliwa, analazwa juu ya jiwe, waje wadonoe wenyewe.

"Na huyu aliyepotea?"

"Huyo wa aina nyingine. Waliletwa wawili."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Kafa. Wiki iliyopita."

"Aliyepotea alikuwa anakula?"

"Angekula."

"Nimeuliza kama alikuwa anakula, mzee."

Mzee Sabiri alimtazama malaika, kana kwamba yeye ndiye angejibu. "Bado."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Aina ile, alieleza, hula matumbawe yaliyo hai tu, ndivyo wazamiaji wote wanavyosema. Yeye alisema atamfundisha. Alisema mbele ya watu, sebule imejaa: kufikia Idd, kitatange huyu atakula mkononi mwangu. Alimjaribu kwa chaza, kwa kamba, kwa mayai ya samaki. Kitatange alikuja, akanusa, akarudi kwenye kona yake, kila siku amepungua upana.

Mhina aliinuka, akaanza kazi. Dirisha lilikuwa na wavu mzima, usio na hata tundu la kupitisha panya. Kifuniko cha tangi kilikuwa kizito, cha kuinuliwa kwa mikono miwili. Kwenye saruji ya baraza la nyuma palikuwa na alama nyeupe za matone yaliyokauka, zikielekea kwenye kijilango cha Mashavu. Alilowesha kidole, akagusa, akaonja. Denis aligeuza uso.

"Chumvi," Mhina alisema.

"Hiyo haina maana," Mzee Sabiri alisema. "Madumu yangu hupita hapo kila wiki."

Ilikuwa kweli, na Mhina aliiacha. "Umeme ukikatika, samaki wanapumuaje?"

"Kuna mashine ndogo ya hewa, ya betri. Iko kabatini."

Kabati lilifunguliwa. Mashine haikuwamo.

"Paka kachukua na mashine ya hewa," Denis alisema kwa upole. "Paka msomi."

Kisha Mhina aliona kibomba cha kioo kinachoelea kwenye kona ya tangi, kipimo cha chumvi. Mzee alikisoma kila asubuhi na kuandika namba pale pale kwenye kioo, kwa kalamu ya wino. Ijumaa asubuhi: thelathini na tano. Tangu jana, kwa ghadhabu, hakukisoma tena.

"Kisome sasa."

Mzee alisogea, akakunja macho. "Thelathini na tatu." Akafuta miwani, akasoma upya. "Haiwezekani. Maji yako kwenye mstari wake."

"Yakipungua kwa joto, mnaongeza nini?"

"Maji ya bomba yaliyotulizwa. Jua hunywa maji, chumvi inabaki. Mke wangu anajua, Yordani anajua, kila mtu wa humu anajua."

"Kwa hiyo jua haliwezi kupunguza chumvi."

"Haliwezi."

"Basi maji yametoka pamoja na chumvi yake, yakafidiwa kwa ya bomba ili yasionekane yameshuka chini ya mstari. Ni kama kiasi gani?"

Mzee alihesabu kwa midomo. Ilichukua muda. "Dumu moja la lita sitini," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwizi wa kula samaki habebi lita sitini za maji. Mwizi huyu alitaka samaki afike mahali akiwa hai.

Mhina aliomba aachwe peke yake. Alikaa tena mkekani mbele ya mwanga ule, akaacha mawazo yaelee. Malaika alipita, akarudi. Vivuli vya maji vilimpita usoni, na kwa kitambo kidogo hakuwa Korogwe. Alikuwa Handeni, mtoto chini ya meza, katika ua wa shangazi watatu na mama wadogo wanne, akisikiliza ugomvi. Yeye alisomea ugomvi kabla hajasomea upelelezi. Shangazi zake walipogombana kwa sababu ya chumvi, baada ya dakika mbili wangekuwa kwenye sufuria iliyoazimwa miaka sita nyuma, kisha kwenye nyama ya hitima iliyogawiwa kwa upendeleo, kisha kwenye nani hakuja kwenye msiba wa nani. Ugomvi wa kweli hufukua makaburi. Hauna heshima wala mpaka.

Na ugomvi wa asubuhi hii? Samaki, paka, samaki, paka. Hakuna sufuria. Hakuna kuku aliyekula mahindi ya mtu. Wanawake waliokaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na tano, na mmoja akakubali mbele ya mtaa mzima kwamba paka wake ni mwizi, akanyamaza.

Wale hawakuwa wanagombana. Walikuwa wanaigiza, na walianza gari la polisi lilipokata kona.

Alitoa simu, akampigia askari wa usalama barabarani aliyekuwa zamu Segera, pale njia panda ya Tanga.

"Mama wa mboga mwenye pikapu? Namfahamu, afande," askari alisema. "Kila Ijumaa anapita na madumu matupu. Jana, kabla ya saa tisa, moja lilikuwa limejaa maji, kifuniko wazi, ndani kunanguruma. Nikamtania, mama, leo unapeleka maji baharini?"

"Akajibu nini?"

"Hakucheka. Akasema, napeleka mgonjwa."

Mhina aliwaita wanawake wote wawili kwenye baraza la nyuma. Ikram alikuwa anapika, akaja na mwiko mkononi. Mzee Sabiri alibaki kwenye mlango wa sebule, nyuma ya pazia. Miguu yake ilionekana chini.

"Nyinyi mmegombana lini kabla ya leo?" Mhina aliuliza.

Wakatazamana.

"Tunagombana sana," Mashavu alisema.

"Nitajie ugomvi mmoja."

Mashavu, aliyejua habari za kila nyumba mpaka Segera, alikunja kidole cha kwanza kuhesabu, akakikunjua.

"Dumu lilipita Segera saa tisa kasoro," Mhina alisema. "Limejaa. Mama Mashavu, mgonjwa wako alifika salama?"

Mwiko ulitua sakafuni. Aliyejibu alikuwa Ikram.

"Mwache dada. Ni mimi."

"Ulimtoa wakati wa swala."

"Ndiyo. Nilimtuma Yordani stendi akanunue kamba, asiwepo. Nikachota maji kwa ndoo, safari nne, tukamimina kwenye dumu kwenye pikapu. Mwenyewe nilimchukua kwa bakuli la mwisho. Hakukimbia. Alikuwa hana nguvu za kukimbia."

"Kwa nini?"

Ikram alijifuta mikono kwenye khanga, muda mrefu, ingawa ilikuwa mikavu.

"Tangu niolewe nyumba hii, hakuna aliyeingia akatoka na njaa. Hata mwombaji. Yule aliletwa kwangu, mbali na kwao, kwa hiyo ni mgeni wangu. Kila ninapopakua chakula ananitazama. Nikilala namwota kakaa mkekani na sisi, sahani iko mbele yake, anga yote ya chumba ni maji, sote tunakula, yeye kafumba mdomo. Mwenzake alipokufa nilimwambia mume wangu amrudishe. Akasema nimwachie kazi yake, ameshaahidi watu."

"Na Yordani ulimwacha alale mahabusu."

Hapo ndipo machozi yalipokuja, bila sauti. "Nilidhani mzee atasema kaliwa na wenzake, basi. Sikujua ataita polisi. Jana walipomchukua, nilisimama mlangoni nikashindwa kusema mbele ya mtaa kwamba mke kamwibia mumewe. Usiku kucha sikulala. Alfajiri, dada aliporudi kutoka Tanga, tukatunga habari ya paka."

"Yordani alijua?"

"Alirudi akakuta maji sakafuni na khanga yangu imelowa. Hakuuliza. Alichukua deki."

Pazia lilisogea. Mzee Sabiri alitoka, akakaa kwenye ngazi kwa kuyashusha magoti moja moja. Hakumtazama mkewe. Alimtazama Mashavu.

"Ulimwachia wapi?"

"Raskazone, ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, nikaingia mpaka mapajani, penye matumbawe. Nikamweka kiganjani chini ya maji. Alikaa kidogo, kaka, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Halafu akaenda."

"Alikula?"

Mashavu alishusha sauti yake kubwa mpaka ikawa ndogo. "Alidonoa jiwe. Nikasema labda kajigonga. Akadonoa tena. Nilisimama pale mpaka sketi ikalowa yote, naye anadonoa tu."

Mzee aliinamisha kichwa. Kumi na tisa, midomo yake ilisema. Mhina akamkumbusha taratibu kwamba mlalamikaji ni yeye, na jalada linafungwa au halifungwi kwa neno lake. Mzee aliomba kalamu. Aliandika kwamba hakuna wizi uliotokea nyumbani kwake, akatia sahihi. Halafu akamwambia mkewe neno la kwanza tangu alipotoka: "Pakua."

Saa saba na nusu gari la polisi lilimleta Yordani. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje akiomba aletewe begi lake tu, awahi basi la Mombo akajieleze kwa wakwe kabla umbea haujamtangulia. Shati lilikuwa na vumbi la sakafu ya mahabusu. Mtaa mzima ulikuwepo.

Ikram alifika mlangoni akashindwa kupita. Begi halikuletwa.

Aliyetoka alikuwa Mzee Sabiri. Alitembea kwa shida, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono wa pili, taulo begani, mpaka mbele ya mtu aliyemwita mwizi. Mhina hakuwahi kuona mzee wa umri ule akimbebea mfanyakazi wake maji ya kunawa. Watu walisogea kumpisha.

Yordani aliitazama mikono yake mwenyewe, akachelewa, kisha akainyoosha. Maji yalimiminika.

"Wakwe nitawapigia mimi mwenyewe, na wataambiwa nani alikosea," mzee alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Ingia ndani, Yordani. Tunakungoja wewe tuanze kula."