Fagio za Kwamawe

Saa tatu asubuhi vinusio elfu kumi na mbili vilishuka Mtaa wa Kwamawe, pembezoni mwa Tabora, na kila kimoja kikashika njia yake. Kinusio ni mashine yenye ukubwa wa punje ya harage na miguu sita. Hupita chini ya mlango, hunusa hewa, udongo na maji, kisha hupeleka habari kwenye Ramani-Afya, ile picha kubwa inayoelea juu ya uwanja: nyumba salama huwa kijani, yenye sumu huwa nyekundu. Ramani za zamani ziliutazama mtaa kutoka angani tu. Hii ilijua hadi uvunguni mwa kitanda.

Mhandisi Nyamizi Kapaya, aliyeibuni, alikuwa hajala vizuri siku mbili kwa furaha. Mtaa huu ndio uliomlea, nyumbani kwa mama yake mkubwa, Zuhura. Saa kumi alasiri ramani ingefungwa na halmashauri ingeamua. Mtaa ukiwa mwekundu, tanuru la kuyeyusha betri kuukuu lililo ng'ambo ya barabara lingezimwa na watoto wangetibiwa. Ukiwa kijani, tanuru lingeongezewa bomba la pili.

Saa saba mchana mtaa mzima ukawaka kijani. Watu wakapiga vigelegele, na Nyamizi naye akapiga, halafu akasita. Kabula, mjukuu wa Mama Mkubwa, alikuwa na miaka minne na hajaanza kusema, na zahanati ilijaa watoto wa namna yake. Akaivuta ramani karibu. Kila ua ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu.

Akakimbia nyumbani. Akakuta mapazia mapya na sakafu inayong'aa.

"Mama Mkubwa, mmefanya nini?"

"Tumefanya nini tena? Mjumbe katutangazia wageni. Tumefagia tangu alfajiri, tumenyunyiza maji, tumefuta hadi darini. Ulitaka mgeni akute vumbi?"

"Vumbi ndilo nililolifuata, mama. Lina madini ya risasi kutoka tanuruni, sumu inayowachelewesha watoto kusema. Mmelitupa wapi?"

"Gari la taka limeshapita."

Nyamizi alitaka kulia. Miaka sita ya kazi, na mtaa wake umeishinda kwa ukarimu. Ndipo alipouona ufagio wa chelewa nyuma ya mlango, njiti zake zimefungwa kwa mpira, na katikati ya fundo vumbi la kijivu la miaka mitano. Akaweka kinusio hapo. Kikanusa kidogo tu, kikaanza kulia.

"Nataka kila ufagio wa mtaa huu uwanjani," akasema.

Wanawake walikusanyika, fagio mikononi, na hakuna aliyesogea. Nani alitaka nyumba yake iwe nyekundu mbele ya Tabora nzima? Mama Mkubwa akapita katikati yao, akaulaza wake mezani.

"Anzeni na wangu. Mchafu wa kwanza ni mimi."

Wakacheka, kisha fagio zikamiminika. Vinusio viliishika harufu ile, vikarudi majumbani kuitafuta ndani kabisa ya nyufa za sakafu, ambako maji hayakufika wala vyenyewe havikuwa vimeingia asubuhi. Nyekundu ikawaka nyumba moja, ikaruka ya pili, ikakimbia kichochoro kizima. Nyamizi alizitaja namba za nyumba kwa sauti, akicheka na kutokwa na jasho, kwa maana mashine yake ilikuwa inafanya jambo ambalo hata yeye hakuliota. Saa kumi kasorobo Kwamawe yote ilikuwa nyekundu, na ramani ikafungwa hivyo. Tanuru lingezimwa. Watu wakakumbatiana.

Mama Mkubwa alikuwa bado anaitazama ramani.

"Nyumba ile iliyokolea kuliko zote ni ya nani?"

Nyamizi akaivuta karibu, taratibu. "Ni ukumbini kwetu, mama. Kando ya mlango."

"Hapo ndipo ninapomketisha Kabula nikiwa nafagia vumbi kuelekea nje."

Akauchukua ufagio wake, akauangalia, akaurudisha mezani.