Nyuma ya Banda la Nolasco

Nyumbani kwa Melkiory, kule Ndama, kila mtu alikuwa na kazi yake. Melkiory alihudumia migomba. Binti yake Jovitha, wa darasa la sita, alichota maji. Mama yake Melkiory, Ma Kokushubira, alikaa mlangoni na kutoa amri. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko wote.

Na Prudensia, mke wa Melkiory? Alipika, alilima, alifagia, alibeba samadi. Kitu kimoja tu alikikwepa. Hakupenda kugusa mbegu.

"Mkwe wangu ana mkono mkavu," Ma Kokushubira aliwaambia wageni huku akiwakaribisha kahawa ya kutafuna. "Boga akilipanda yeye, linaona aibu kuota. Mimi mkono wangu ni wa maji. Nikichomeka mpini wa jembe, kesho una majani!"

Wageni walicheka. Prudensia naye alicheka, maana afanyeje? Isitoshe, aliamini. Mwaka juzi alisia mbegu za kahawa kitaluni, haikuota hata moja. Mwaka jana ziliota, akazihamishia kwenye viriba, vile vifuko vya kukuzia miche. Zikageuka njano, zikafa zote.

Sasa mibuni ya nyuma ya nyumba ilikuwa imezeeka. Marehemu baba yake Melkiory ndiye aliyeipanda. Kahawa ya kipande kile ndiyo iliyomvalisha Jovitha sare na kumnunulia madaftari. Ilihitajika miche themanini ya kupanda upya.

"Prudensia," Ma Kokushubira alisema siku moja mwezi wa saba. "Melkiory ameniomba, basi nakupa nafasi ya kuotesha mara moja tu. Miche ikifa tena, kipande kile nampa Benadeta."

Benadeta alikuwa mke wa mdogo wake Melkiory. Alikuwa mtu mwema, lakini na yeye alikuwa na watoto wake wa kuvalisha.

"Mama, mpe tu Benadeta sasa hivi," Prudensia alijibu. "Mkono wangu unaujua."

Akaenda jikoni kugeuza ndizi. Jovitha alikuwa amekaa pale na daftari la hesabu. Ghafla akalifunga pa!

"Umemaliza?" Prudensia aliuliza.

"Nimeacha. Hesabu za sehemu siziwezi, mama. Bibi anasema nimefanana na wewe. Wewe mbegu, mimi hesabu."

Mtoto hakulia. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina lake. Hilo ndilo lililomchoma Prudensia. Alitaka kumkemea, lakini maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Mtoto alikuwa ameyaazima tu.

Kesho yake Prudensia alitembea mpaka Bugene, kwa Nolasco. Nolasco alikuwa na kitalu kando ya barabara. Miche yake ilisifiwa Karagwe hadi Kyerwa.

"Shikamoo, Ta Nolasco."

"Marahaba, mama Jovitha. Karibu. Leo umekuja kununua au kuniangalia tu nilivyo mzuri?"

"Nimekuja kukuomba unioteshee mbegu. Mimi nina mkono mkavu. Wewe una mkono wa maji."

"Nani kasema?"

"Kijiji kizima."

Nolasco alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaiokota, akaikung'uta. "Njoo nyuma ya banda nikuonyeshe huo mkono wa maji."

Nyuma ya banda kulikuwa na lundo. Viriba vitupu, vijiti vikavu, miche iliyokauka, miche iliyooza. Lundo lilimfika Prudensia kiunoni.

"Mungu wangu! Hii yote imekufa?"

"Yote. Naitupa alfajiri, wateja hawajafika. Mteja akiona maiti, atanunua kweli? Mwaka wangu wa kwanza nilisia mbegu elfu moja. Ziliota kumi na moja. Na moja ilikuwa gugu."

Prudensia alishindwa kujizuia, akacheka. "Ukafanyaje?"

"Nilinuna wiki nzima. Mke wangu akachoka na sura yangu. Halafu nikajiuliza: zimekufa kwa nini? Ukisema ni mkono, umefunga kesi, hakuna shahidi atakayeitwa. Ukisema kuna kitu sijajua, kesi inaendelea. Haya, wewe ni shahidi. Mwaka juzi, mbegu ulitoa wapi?"

"Stoo. Kwenye gunia."

"Kahawa iliyoanikwa juani?"

"Ndiyo. Ilikuwa imekauka vizuri kabisa."

"Mama Jovitha, ulipanda marehemu! Jua lilishaiua. Mbegu inatakiwa iwe mbichi. Chuma matunda mekundu, kwenye mbuni wenye afya na unaozaa sana. Yamenye kwa vidole, uoshe mbegu. Tia kwenye maji. Zinazoelea, tupa. Zinazozama, kausha kivulini siku mbili, kisha uzisie. Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nilitumia mbichi. Ziliota. Kwenye viriba nikaweka samadi ya mbuzi."

"Ya lini?"

"Ya asubuhi ile ile. Nilitaka miche ipate nguvu."

"Samadi mbichi ni moto. Iliunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu au zaidi, mpaka isiwe na joto wala harufu. Unayo ya zamani?"

"Ipo, pembeni ya banda la mbuzi."

"Basi hiyo. Karai tatu za udongo mzuri wa juu, karai moja ya samadi iliyooza, karai moja ya mchanga."

Prudensia alitazama mikono yake. Ilikuwa na sugu, na udongo kwenye kucha. Ilikuwa mikono ile ile aliyokuja nayo.

"Ta Nolasco, na nikikosea tena?"

"Utakosea. Ila safari hii andika. Siku uliyosia, maji uliyotia, yote. Kichwa kinasahau, tena kinajipendelea."

Prudensia alirudi nyumbani, akamwomba Jovitha daftari lenye kurasa zilizobaki. Akafanya alivyoelekezwa. Alifunika kitalu kwa nyasi na kukijengea kivuli. Kila jioni aliandika mistari miwili, kwa herufi kubwa.

Siku ya arobaini na tano aliinama kuchungulia chini ya nyasi. Vichwa vidogo vilikuwa vimeinuka, kama njiti za kiberiti.

"Melkiory! Njoo uone!"

Melkiory alikuja mbio na panga, akidhani ni nyoka.

Miche ilipofungua majani mawili ya kwanza, Prudensia aliihamishia kwenye viriba. Miche mia moja na ishirini. Mvua za vuli zikaanza. Ndipo balaa likaingia. Miche ilianza kuwa myeusi shinani na kuanguka. Wiki moja tu, kumi na tisa ikafa.

"Nilisema," Ma Kokushubira alisema kutoka mlangoni.

Prudensia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitamani kuvipiga teke viriba vyote, amwite Benadeta, yaishe. Alipoinua macho alimwona Jovitha. Amesimama na dumu la maji, anamtazama mama yake atafanya nini.

"Niletee daftari," Prudensia alisema.

Akasoma kidole kikiwa chini ya mstari. *Maji asubuhi. Maji mchana. Maji jioni.* Kila siku hivyo, hata baada ya mvua kuanza. Kwa hofu yake ya mkono mkavu, alikuwa ameizamisha miche. Alichomeka kidole kwenye kiriba. Tope tupu.

"Kumbe!" alisema. "Jovitha, leo hatumwagilii."

Aliondoa miche mingine sita iliyokuwa imeanza kuugua, akaitupa mbali. Akapunguza kivuli ili hewa ipite. Tangu siku hiyo alipima udongo kwa kidole kabla ya kutia maji. Wiki iliyofuata ulikufa mche mmoja. Wiki ya pili, hakuna.

"Mama," Jovitha aliuliza wakipanga viriba, "ile kumi na tisa haikukuuma?"

"Iliniuma sana. Lakini bila hiyo nisingejua."

Jovitha alimalizia mstari wake wa viriba. Jioni alifungua daftari la hesabu na kuanza na zile zenye alama ya kosa. Alizikodolea macho muda mrefu. Kesho yake alimfuata mwalimu nazo. Mtihani wa kufunga mwaka alipata arobaini na nane kwa mia. Ule wa kabla alikuwa amepata ishirini na mbili.

"Hamsini bado," alisema.

"Bado," mama yake aliitikia, akampakulia ndizi.

Mwezi wa tatu mvua za masika ziliposhika, miche tisini na minne ilikuwa imesimama, majani yake mabichi. Themanini ikapandwa nyuma ya nyumba. Kumi na minne Prudensia alimpa Benadeta. Ma Kokushubira alipita mstari kwa mstari na fimbo yake, akitafuta kasoro. Hakuipata. Aliguna, akaondoka.

Jioni alimwita mkwe wake nyuma ya jiko. Akatazama kushoto na kulia. Kisha akafunua kikapu kikuukuu. Chini yake palikuwa na kitalu kidogo cha nyanya chungu. Miche yote ilikuwa imelala, njano tupu.

"Usimwambie mtu," alinong'ona.

"Hizi ni za mwaka huu tu, mama?"

"Za kila mwaka. Baadhi zinaota, nyingi zinakufa. Nazitupa kwenye migomba kabla hamjaamka."

Prudensia hakucheka. Alitaka sana, lakini hakucheka. Alichuchumaa, akachomeka kidole kwenye udongo, akaunusa.

"Mama," alisema, "samadi hii ni ya lini?"