Siku Ndevu Alipowasikia Samaki

Ndevu alikuwa mvuvi hodari, lakini sasa bahari ilikuwa imemnyima. Miezi miwili mfululizo alirudi nyumbani na ndoo nyepesi. Mkewe alishinda sebuleni akishona nyavu ambazo hazikushika kitu.

"Mama watoto, nauza mashua," Ndevu alisema asubuhi moja. "Mnunuzi anakuja Ijumaa."

Mkewe aliacha sindano. Mashua ile ndiyo iliyosomesha watoto wao.

"Subiri kwanza. Muulize jirani yetu. Si kazi yake kuhesabu samaki?"

Jirani huyo alikuwa mtafiti wa bahari. Ndevu alimkuta kibarazani akikausha maikrofoni isiyoingia maji, akamuuliza anawahesabuje samaki.

"Nawahesabu kwa masikio, shemeji," jirani alisema. "Chini kuna giza, lakini sauti inafika mbali. Hii niliiacha siku tano kwenye majani ya bahari, pale unapotega nyavu."

Ndevu aliangua kicheko. "Samaki wanaongea? Usinifanye mtoto, dada!"

"Haya, vaa." Akampa hedifoni.

Kicheko kikakatika. Kamba wadogo walitoa mlio, ta-ta-ta, kama mafuta kikaangoni. Kisha samaki wakakoroma: kro, kro, kro. Ndevu alisisimka mwili mzima. Miaka thelathini baharini, na hili hakulijua!

"Hao ni madume," jirani alieleza. "Wanaita majike waje kutaga mayai. Sauti zikizidi, tunajua samaki wameongezeka. Endelea kusikiliza."

Ghafla: gu! gu! gu! Kisha kimya. Kimya kirefu.

"Nani huyo mpuuzi anayewatisha?" Ndevu alifoka.

Jirani alisimamisha rekodi. "Ni wewe, shemeji. Jumanne asubuhi."

Ndevu alivua hedifoni. Kila siku alipiga maji kwa gongo ili samaki wakimbilie wavuni. Aliona ni ujuzi. Kumbe aliwafukuza kabla hawajataga.

Ijumaa mnunuzi alirudi mikono mitupu. Ndevu aliwaendea wavuvi wenzake, mmoja mmoja, hadi wakakubaliana. Msimu wa kutaga, hakuna kuvua kwenye majani. Na magongo yabaki nyumbani. Walivua mbali zaidi, wakavumilia.

Mwaka uliofuata sauti chini ya maji ziliongezeka maradufu. Ndoo ya Ndevu ikabebwa na watu wawili.

Siku moja mkewe alimkuta ndani ya mashua, injini imezimwa, maikrofoni ya jirani majini, hedifoni masikioni.

"Wanasemaje leo?" aliuliza kwa sauti.

Ndevu aliweka kidole mdomoni. Hata viatu alikuwa amevua, asije akapiga kishindo.